Mkono Uliokubali Zebaki

Mwenyekiti wa chama chenu cha wazazi aliniandikia akiomba ushuhuda wa kuwatia moyo wenye watoto wagonjwa. Nimekubali, lakini sitawabembeleza. Nimesoma shuhuda nyingi za namna hii, na katika zote mgonjwa ni mpole, mama hachoki na daktari hutabasamu. Mimi sikuwa mpole. Mama yangu alifanya kosa ambalo hadi leo hatujui ukubwa wake. Na mtu aliyenisaidia kuliko wote hakunichekea hata mara moja kwa mwaka mzima na zaidi. Anayetaka maneno matamu afungue ukurasa mwingine.

Naitwa Akoth. Nilizaliwa Masara, Migori, ambako dhahabu huchimbwa kwa sururu na kamba. Mama alitoka upande wa Homa Bay, kwa hiyo majirani walimwita Nyar Rangwe, binti wa Rangwe, hata baada ya kuolewa miaka mingi. Baba alishuka mashimoni. Mama na wanawake wengine waliponda mawe, wakaosha unga wake ndani ya karai hadi ibaki michanga mizito chini. Hapo waliweka zebaki, yale madini yanayotiririka kama maji lakini ni mazito kama risasi, wakaisugua kwa mikono mitupu. Zebaki hushika dhahabu. Baadaye huchomwa motoni, ikapaa, dhahabu ikabaki. Hayo yalifanyika jikoni, karibu na sufuria ya ugali. Hakuna aliyeuliza inapaa kwenda wapi.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa na mkono wa kulia mzuri sana. Nilicheza kati, mchezo wa kumlenga aliye katikati kwa mpira wa matambara, na nikimlenga mtu nilimpata. Nilipanda mipera. Nilibangua njugu haraka kuliko shangazi yangu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na miaka sita, nilishikwa na homa siku ya soko. Asubuhi kichwa kiliuma. Mchana nilitapika nyongo. Jioni mwili ukaanza kukakamaa na kurukaruka, macho yakageuka juu, nikajikojolea. Shangazi akanitia kijiko kinywani ili nisiume ulimi. Jino la mbele likang'oka na ulimi nikauuma vilevile. Kisha akachoma mavi ya ng'ombe makavu na kunishikilia juu ya moshi. Nayasema haya ili mjue tulianzia wapi, na kwa sababu baadhi yenu mngefanya hivyohivyo kesho.

Ilikuwa malaria iliyopanda kichwani. Nililala hospitalini bila fahamu siku tatu. Nilipozinduka, masikio yalilia kama nyenje kwa sababu ya kwinini, mate yalinitoka upande mmoja wa mdomo, na mguu wa kulia uliburutika. Mguu ulipona ndani ya miezi michache. Mkono haukupona. Ulijikunja kifuani, kidole gumba kikajificha ndani ya ngumi, na ngumi haikufunguka. Kucha zilikata kiganja. Ndani kulikuwa na jasho, weupe wa ngozi iliyolowa, na harufu mbaya. Watoto wenzangu waliniita Kuku, maana niliubeba mkono kama bawa.

Jambo baya zaidi halikuonekana kwa macho. Mkono ule ulikuwa hauwezi kuguswa. Mnadhani mkono uliopooza hausikii kitu. Wangu ulisikia kupita kiasi. Mkono wa sweta ulikuwa siafu. Punje za mahindi zilikuwa miiba. Mama alipotaka kuniosha kiganja nilimpiga kichwa tumboni. Shangazi alisema ni deko. Baba alisema niachwe, mkono mmoja unatosha kwa msichana. Hilo sijamsahaulia.

Januari ikafika na mama akanipeleka shule. Wakati ule vyeti vya kuzaliwa vilikuwa vichache kwetu, kwa hiyo mwalimu mkuu alipima umri kwa sikio. Mtoto apitishe mkono juu ya kichwa, aguse sikio la upande wa pili. Ukiligusa, umefika umri wa darasa la kwanza. Tulipanga foleni mbele ya meza yake chini ya paa la ofisi. Zamu yangu ilipofika, nilipitisha mkono wa kushoto na kulishika sikio la kulia barabara.

"Wa kulia," mwalimu mkuu alisema.

Mama akamweleza kwamba wa kulia ni mgonjwa.

"Basi akipona alete."

"Mwalimu, si hii ya kushoto pia ni mkono?"

"Mama, hapa hatuandiki na kushoto. Hata kwenu hamsalimiani na kushoto. Mwingine."

Hata wakati ule, nikiwa na miaka sita na jino moja pungufu, niliona kwamba jambo lile halina maana. Kipimo kilikuwa cha umri. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa na umri uleule wa mkono wa kulia. Lakini wazazi wote pale walitazama chini, na mama akanivuta tukaondoka. Mwaka uliofuata tulirudi. Alisema vilevile. Niliocheza nao kati sasa walijua kusoma, nami nilikuwa nyumbani nikichunga kuku, na utani ule mnaujua.

Baada ya kukataliwa mara ya pili ndipo mama aliposikia habari za Bi. Robi. Alikuwa Mkuria, mwembamba, na alikuwa na chumba kidogo hospitalini mjini. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watoto kutumia mikono na miili yao tena kwa njia ya kazi na michezo. Wanawake waliokuwa wakisubiri nje walikiita chumba cha kucheza, tena kwa dharau, maana hapakuwa na sindano wala vidonge. Mama na Bi. Robi walizungumza Kiswahili kwa kuwa hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, na Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni.

"Daktari, hii mkono inakataa kila kitu."

"Mimi si daktari. Inakataa nini?"

Alikuwa na mabeseni sakafuni: maharagwe, mchanga, pamba, maji. Aliuchukua mkono wangu na kuuweka juu ya pamba. Nilimng'ata. Alijifuta damu kwa koti lake jeupe, akaandika kitu kwenye daftari.

"Meno yapo," alisema. "Isipokuwa moja."

Hakunilazimisha tena. Alinichunguza akiwa mbali, akanitazama nikivua kiatu, nikipanda ngazi, nikila ndizi. Mwishoni alimpa mama maagizo, na nayaandika kama yalivyokuwa kwa sababu kila kitu kilitokana nayo. Alisema ubongo wangu umeumia na sasa unapokea mguso kama shambulio. Ukiulazimisha, utajifunga zaidi. "Mama Akoth, tafuta nyumbani kitu kimoja ambacho mkono wake unakubali. Kimoja tu. Uanzie hapo. Kidogokidogo, mara nyingi kwa siku. Halafu uniletee habari."

Mama alitii kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona akitii. Alijaribu unga, dagaa wa omena, jani la mgomba, manyoya ya kuku, koti la baba, maji ya moto, maji ya baridi. Nililia kwa kila kimoja. Baada ya wiki mbili naye alikuwa analia.

Siku moja alikuwa akisugua zebaki ndani ya karai, nami nimekaa kando. Tone likaruka ukingoni, likatambaa ardhini. Bila kufikiri nililifunika kwa mkono uliokuwa karibu, na huo ulikuwa wa kulia.

Sijui niwaelezeje. Lilikuwa baridi na zito, halina makali popote, halilowanishi, halichomi. Lilikimbia chini ya kiganja, nami nikalifuata, na ili kulifuata ilinibidi ninyooshe kidole. Kisha cha pili. Mama aliacha karai. Alipiga magoti akatazama ngumi yangu ikifunguka kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Alimimina zebaki kidogo kwenye kifuniko cha kopo na kuniwekea mapajani.

Kwa zaidi ya miezi miwili nilicheza na zebaki kila siku. Kidogokidogo, mara nyingi kwa siku, kama tulivyoagizwa. Nililigawa tone, nikaliunganisha, nikalisukuma kwa kidole gumba ambacho kilikuwa hakijatoka nje kwa miaka miwili. Vidonda vya kiganja vikakauka. Mama alimwonyesha kila aliyepita, na wote walifurahi. Kijiji kizima cha wachimbaji kilijua zebaki kama kinavyojua chumvi, na hapakuwa na hata mmoja aliyesema, ngoja kwanza.

Bi. Robi peke yake ndiye aliyefichwa. Zebaki iliuzwa kwa chinichini, naye alikuwa mtu wa serikali. Mama alimwambia mkono umekubali maji baridi. Bi. Robi alikifungua kiganja changu, akakigeuza, akaandika mengi kwenye daftari. Aliporidhika alileta beseni la maji baridi aone mwenyewe. Niliyatazama yale maji, nikarudisha mkono kifuani na kupiga kelele.

Alimtazama mama. Mama akatazama dirisha. Basi Bi. Robi akachuchumaa mbele yangu, na kwa mara ya kwanza mtu mzima akaniuliza mimi.

"Akoth, mkono wako unapenda nini?"

"Ile inakimbia," nilisema.

"Iko rangi gani?"

"Kama kioo. Mama anaweka kwa dhahabu."

Alisimama polepole. "Mama Akoth, unampa mtoto zebaki?"

"Ulisema nitafute kitu mkono inakubali."

"Nilisema." Alikaa kitini. "Nilisema, na sikuuliza ni kitu gani."

Halafu ndipo alipokasirika, na sijui alimkasirikia nani zaidi. Alisema zebaki ni sumu. Alisema ile ya kugusa ni mbaya, lakini ile inayopaa bila kuonekana ni mbaya zaidi, inaingia kwa pumzi na kwenda kwenye ubongo uleule ulioumia. Alisema inaleta kutetemeka na kusahau. Alisema mengi kwa sauti ya juu, mlango ukiwa wazi, na wanawake wa nje wakasogea kusikiliza.

Mama alimwacha amalize. Kisha akanifunga leso begani na kusema, "Sawa. Ni sumu. Utaweka nini mahali yake? Mimi niliona mkono wa mtoto ikifunguka. Wewe umeona nini hapa, na maharagwe yako?"

Hatukurudi mjini kwa wiki nyingi. Kifuniko kilitolewa mapajani mwangu siku hiyohiyo, nami nikamchukia mama, nikamchukia Bi. Robi, na ngumi ikaanza kujifunga tena. Wanaopenda kusema mtoto anajua anapendwa hawajawahi kumnyang'anya mtoto kitu pekee kisichomuumiza. Mama aliendelea kuosha dhahabu, kwa sababu ndiyo iliyotulisha, lakini alihamisha kazi yote mbali na nyumba, na kuchoma akawaachia wengine. Majirani walimcheka kwamba amepata woga wa kizungu.

Disemba ile Bi. Robi alikuja Masara mwenyewe. Alitembea kutoka barabara kuu, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Watu walidhani ni mtu wa kukagua leseni, wakatawanyika. Alipofika kwetu, mama alikuwa anasiriba nyumba. Kwetu kuta husiribwa upya kabla ya Krismasi, kwa udongo na kinyesi kibichi cha ng'ombe, na wanawake hupaka kwa kiganja. Hawakusalimiana vizuri. Mama alisema tu, "Umekuja kunishika?"

Bi. Robi alikuwa anautazama ule udongo. Alikunja mkono wa koti, akachota tonge zima, akalipima kiganjani kwa macho yaliyofumbwa, kama mwanamke anayechagua nyanya. Nzito, alisema. Baridi. Inajaza kiganja. Akabandika tonge chini ukutani, akalisambaza, akanigeuzia mgongo. Hakuniita. Mama naye akaelewa, akaendelea na kazi yake. Waliniacha na ndoo.

Nilikaa muda mrefu. Nilikuwa na hasira, na nilitaka kitu kizito mkononi. Nikatumbukiza ngumi.

Haikuwa kama zebaki. Kulikuwa na vijiti vya majani vilivyonichoma, na harufu. Nilitoa mkono, nikaurudisha, nikautoa. Siku hiyo niliweza kugusa ukuta mara tatu. Kabla ya kuondoka, Bi. Robi alichora mstari wa makaa ukutani, usawa wa goti langu. Alimwambia mama nisiribe hadi hapo tu. Nikiufikia bila kulia siku kadhaa, apandishe mstari upana wa vidole vinne. Mama akauliza jambo ambalo hakuuliza mara ya kwanza. "Na nikikosea, nitajua aje?" Wakaketi kwenye mawe ya kupondea, na Bi. Robi akamweleza. Vidole vikianza kujikunja zaidi ashushe mstari. Bega likipanda kuelekea sikio, apumzike. Ngozi ikichubuka, aache siku mbili. Aje mjini kila wiki mbili na aseme kila kitu, hata kama ni kibaya. Mama hakuficha tena.

Nyumba yetu ikawa kichekesho. Ilisiribwa upande mmoja kila baada ya siku chache, mwaka mzima, mvua na kiangazi. "Nyar Rangwe," walimwambia, "nyumba yako inapakwa kama mkate." Ukuta ule ulinenepa hadi ukaanza kupasuka kwa uzito wake. Mstari ulipanda kutoka gotini hadi kiunoni, kifuani, begani. Bega liliuma kiasi cha kunitapisha. Kuna miezi ambayo mstari haukupanda kabisa, na miezi miwili ulishuka. Siku moja niliuponda ukuta kwa jiwe kwa mkono wa kushoto, na mama akaniongezea udongo wa kuziba.

Januari ya kwanza ilikuta mstari bado gotini, hatukwenda shule; Januari iliyofuata tukaenda kwa mara ya tatu. Siku nyingi nilikuwa nimejaribu mbele ya kipande cha kioo. Niliweza kuinua mkono wa kulia, kuuburuta juu ya nywele, na kugusa ncha ya sikio la kushoto kwa kidole cha kati. Ilinichukua muda mrefu na kichwa nilikiinamisha kidogo, lakini niligusa.

Mwalimu mkuu alikuwa yuleyule. Foleni ileile, watoto wanaonifikia kifuani. Alinitazama mara moja kutoka juu hadi chini.

"Huyu si wa sikio tena, ni mkubwa," alisema. "Jina?"

Mama akamtajia. Akaandika. Ilikuwa hivyo tu. Miaka mitatu ilikuwa ndani ya kalamu ile tangu mwanzo, na alikuwa na uwezo wa kuiandika siku yoyote.

Niliinua mkono. Hakuna aliyeniambia niinue. Ulipanda ukitetemeka, ukapita juu ya kichwa, na kidole kikafika. Mwalimu alikuwa anaendelea kuandika.

"Mwalimu," mama alisema. "Tazama mtoto."

Akatazama. Foleni nzima ikatazama.

"Shusha mkono. Nimeshaandika."

Sikushusha. Nilisimama hivyo hadi bega likashindwa lenyewe, kisha nikaingia darasani. Nilipomhadithia Bi. Robi, nikitumaini kwamba sasa atacheka, alisema sikio halikuwa sehemu ya mpango wake, akanipa shati lenye vifungo vikubwa na kuniambia nilifunge.

Leo mkono huu unafunga vifungo, unashika kikombe, unasuka nywele vibaya. Hauandiki. Shahada yangu niliipata kwa mkono wa kushoto, ule usiosalimia. Tena mkono wa kulia hutetemeka, zaidi nikichoka. Nimewauliza madaktari wanne kama ni malaria au zebaki. Watatu walijifanya wanajua, na hawakukubaliana. Wa nne alisema hakuna awezaye kujua sasa. Nimeuliza pia kama ni udongo ulioniponya au ni ubongo wa mtoto tu uliokuwa unakua. Bi. Robi mwenyewe, nilipomwuliza nikiwa mwanafunzi wa chuo, alisema, "Sijui. Ningekuwa na Akoth wawili, mmoja nisingemgusa, tungejua." Namheshimu kwa jibu hilo kuliko kwa matibabu yote.

Kwa hiyo shukrani zangu ni mbili. Namshukuru Bi. Robi kwa kutembea hadi Masara kutazama sisi tunaishi vipi, jambo ambalo lilistahili kufanywa kabla ya agizo la kwanza. Namshukuru mama kwa kuuliza swali lile ukutani, baada ya kuaibishwa mbele ya watu. Mama hunitazama mkono ukitetemeka, na hujua ninajua anachofikiria. Sitamwambia haikuwa zebaki, kwa sababu sijui. Nimemwambia kwamba kati ya watu wote wa Masara na wote wenye makoti meupe, ni yeye pekee aliyejaribu kila siku.

Nanyi mliokaa na watoto mapajani, mtapewa maagizo. Mtaambiwa "jaribuni nyumbani" na mtu asiyejua nyumbani kwenu kuna nini. Msiitikie kwa adabu na kuondoka. Mwambieni kuna nini, hata vile mnavyovionea aibu. Kisha mwulizeni: tukikosea, tutajuaje? Akikasirika, msiinuke kuondoka. Foleni iliyo nyuma yenu nayo inahitaji kulisikia jibu.